Wakwe Wasiojua Kuketi

Jumapili, 3 Machi

Binti anaolewa! Yaani, anataka kuolewa — ruhusa bado. Ametangaza leo mezani, chakula kikiwa bado mdomoni, jambo ambalo si mimi niliyemfundisha.

Kijana anafundisha hesabu kwenye shule anayofundisha Binti. Mrefu, anainama milangoni. Mkimya. Na ni Mzungu. Si wa kuja na begi mgongoni. Wa hapa hapa, kazaliwa nyuma ya soko, anaongea kama sisi. Lakini Mzungu ni Mzungu.

Dada yangu mkubwa alishika kichwa. Ndege wa rangi moja huruka pamoja, akasema, na hao watatudharau sisi na wajukuu wetu. Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye duka la magari na tumbo la kufanana nalo, aliuliza swali moja tu: wana nini? Binti akasema hajui. Shemeji akafurahi hivyo hivyo. Mzungu hakosi kitu, akasema.

Kisha wote wakanigeukia mimi, baba mtu. Nikafuta mdomo. Nikasema rangi hainihusu, mali hainihusu, nataka kujua jambo moja tu — anajua kula?

Mama Watoto alicheka mpaka akapaliwa. Eti wenzangu wana ubaguzi wa rangi na wa mali, mimi nina ubaguzi wa uma.

Acheke tu.

Jumatatu, 4 Machi

Bado ananicheka. Lakini nina sababu zangu. Mimi ni mkuu wa wahudumu kwenye ukumbi wa chakula wa hoteli. Nimewaona watu wakila kuliko daktari alivyowaona wakiugua. Rangi ya mtu naiona mlangoni. Mali yake naijua akilipa. Lakini mtu mwenyewe namjua mkate ukichelewa.

Leo mchana, meza ya dirishani: bwana mwenye saa ya dhahabu, kachomeka kitambaa shingoni kama anayenyolewa. Anaongea na simu na mhudumu kwa sauti moja, hujui anamwambia nani alete nini. Meza ya pembeni: mama mmoja, viatu vimeshonwa tena na tena. Kaagiza supu tu. Kanishukuru kwa kila kitu mpaka chumvi.

Nikamwongezea mkate. Yule wa saa akaona, akataka na yeye. Nikamwambia umekwisha. Haukuwa umekwisha.

Alhamisi, 7 Machi

Kijana amekuja kula kwetu. Nilipanga meza mwenyewe: visu, uma, vijiko vikubwa kwa vidogo, glasi ya maji na ya maji ya matunda. Mama Watoto akauliza kama tunakula au tunampasua mtu.

Mrefu — ndivyo nitakavyomwita — alianzia uma za nje akaja ndani, kama inavyotakiwa. Alisimama Mama Watoto alipoingia. Hakuweka kiwiko mezani. Moyo wangu ukaanza kulainika, nikasema huyu kalelewa.

Halafu, kabla ya supu, akachukua kijiko. Kijiko nilichokisugua mwenyewe mpaka nikajiona ndani yake. Akakifuta! Kwa kitambaa! Mbele ya macho yangu! Hata chakula hakijaja, tayari ananiambia nyumba yangu chafu. Na nilipoomba chumvi, hakuiinua. Aliisukuma juu ya meza, srrr, ikaja yenyewe mpaka kwenye sahani yangu.

Baadaye Binti akaniuliza nimemwonaje. Nikasema ni mrefu.

Jumapili, 10 Machi

Tumetoka kwao. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Shemeji alitupeleka kwa gari lake jipya. Alitegemea geti, mlinzi, mbwa mkubwa. Tukafika kwenye nyumba ndogo yenye kochi la kiraka na pazia lililofuliwa mpaka likasahau rangi yake. Shemeji alirudi nje kuhakikisha namba ya nyumba. Mzungu gani huyu hana hata baiskeli? Alinong'ona, kwa ule mnong'ono wake unaosikika mtaa wa pili.

Mimi kochi halikunisumbua. Lilikuwa safi. Kilichonisumbua ni chai. Baba wa Mrefu, mzee mwembamba mwenye masharubu, mgongo umenyooka kama rula, alimimina mwenyewe. Kikombe changu, nusu. Cha mke wangu, nusu. Cha Dada, nusu! Birika limejaa, naliona linafuka, na mgeni anapewa nusu! Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini si kikombe cha mkwe. Alipokuja tena na birika nikafunika kikombe kwa mkono. Sitaki kuhurumiwa.

Kisha akaleta chakula, akapitisha bakuli mbele ya kifua changu kutoka kulia. Kulia! Chakula humjia mgeni kwa kushoto, sahani chafu huondoka kwa kulia. Hilo nawafundisha wahudumu wapya siku wanayovaa sare. Na muda wote goti lake moja limekandamiza mguu wa meza, kana kwamba meza itatoroka.

Njiani kila mtu alikuwa na lake. Shemeji akasema hawana kitu, basi, mazungumzo yamekwisha. Mimi nikasema hawana adabu, na huko ndiko kukosa kitu kwenyewe. Mama Watoto akasema mama wa kijana alimshika mkono toka tulipofika, akamuuliza habari za magoti yake, akamletea mto wa kuegemea. Nikasema magoti si hoja.

Nikamwambia Binti hapana. Hao, hapana. Alikuwa kiti cha nyuma. Hakulia. Alitazama dirishani tu mpaka tukafika. Afadhali angelia.

Jumanne, 12 Machi

Binti ananisalimu vizuri. Shikamoo baba. Chakula tayari baba. Asante baba. Adabu tupu! Sijapata kuadhibiwa hivi.

Dada amekuja kuwatetea Wazungu. Dada! Eti alichokuwa anaogopa ni kutazamwa kutoka juu. Kumbe wana kochi kama lake, na yule mama kamwomba amfundishe kufunga kilemba. Hao si Wazungu, amesema, hao ni watu tu. Shemeji naye, aliyekuwa anawataka kabla hajawaona, sasa hawataki kabisa. Rangi yao ni ile ile. Kilichopungua ni geti.

Kwa hiyo Dada kabadilika, Shemeji kabadilika. Ni mimi peke yangu nisiyeyumba. Najivunia hilo. Pia sina hamu ya kula.

Alhamisi, 14 Machi

Siku gani hii!

Chakula cha mchana kimekwisha, cha jioni hakijaanza, mimi nakunja vitambaa. Nikaambiwa kuna mzee mlango wa jikoni. Si mlango wa mbele — wa jikoni. Wageni hawajui hata kama upo. Tena saa ile ile tunapopumua, ambayo haimo kwenye tangazo lolote. Nikashtuka. Nani huyu anayejua saa yetu?

Baba wa Mrefu. Koti kalikunja mkononi, bitana juu, ili lisishike vumbi. Nikamkaribisha kiti, hakuketi. Alitazama vitambaa vyangu, akachukua kimoja, akakikunja. Kona kwa kona, safi. Akachukua cha pili. Tukawa tunakunja pamoja.

Mwishowe akaniuliza: "Ndugu yangu, nyumbani kwangu tulikukosea wapi?"

Nikamwambia: nusu kikombe.

Alinitazama kama nimemtukana mama yake. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka masharubu yakalowa. Yule bwana alikuwa mkuu wa wahudumu wa treni! Behewa la chakula, maisha yake yote, mpaka behewa lenyewe lilipoondolewa. Kwenye treni ukijaza kikombe, kona ya kwanza tu abiria kaoga chai. Nusu ndiyo heshima, ukirudi kuongeza kila baada ya muda — na mimi nilifunika kikombe! Sahani hupita upande wenye njia, kushoto au kulia, maana huko hakuna nafasi ya kumzunguka mtu. Kijiko hufutwa kwa sababu ya vumbi la dirishani. Chumvi husukumwa, haiinuliwi. Hayo yote kamfundisha mwanawe. Na goti hushikilia meza mpaka leo, ingawa nyumba yake haijawahi kuondoka stesheni.

Nilitaka kumkumbatia. Akanizuia kwa mkono. Ngoja kwanza, na yeye ana lake. Siku ile nilipomaliza chai nilikigeuza kisahani chake nione kimetengenezwa wapi. Akaniona. Gari letu halijafika hata barabarani, alishamwambia mkewe kwamba mtu anayepekua kisahani cha mwenyeji hafai kuwa mkwe. Naye alikuwa amesema hapana!

Nyani haoni kundule. Niliona haya mpaka masikioni.

Binti nimempa ruhusa, na mzee kampa mwanawe. Kanirukia shingoni, kazisahau shikamoo zote.

Jumapili, 17 Machi

Wakwe wamekuja kwetu. Balaa tupu.

Nilisimama nyuma ya kiti cha Mzee wa Reli, kama ipasavyo, nikakivuta. Naye akasimama nyuma ya changu. Keti, mkwe. Aa, wewe kwanza, mkwe. Mimi siwezi kuketi mgeni amesimama. Yeye hawezi kuketi mtu akimhudumia. Wanawake wakamaliza supu, sisi bado tunaonyeshana viti.

Nikaona bora nijaze vikombe. Nikavijaza mpaka ukingoni. Akavipunguza! Kimoja kimoja, anairudisha chai kwenye birika langu! Nikaenda kwa Dada na bakuli kutoka kushoto, yeye akamtokea na jingine kutoka kulia, na Dada katikati, uma hewani, hajui ageukie wapi. Mrefu alikuwa anatazama dari. Mama Watoto akapiga meza. Nyie wawili, jikoni!

Tukala huko huko, tumesimama, kutoka kwenye sufuria. Na niandike kweli: sijapata kula na mtu nikafurahi hivyo. Akaniambia hajui kuketi mbele ya watu wanaokula, mikono inamwasha. Nikamwambia na mimi. Jambo hilo sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu, ingawa nadhani anajua. Nilimtazama na rangi yake ile, mimi na yangu hii, nikaona nimempata ndugu niliyepotezana naye zamani.

Kisha tukagusia chakula cha uchumba, cha ndugu wote wa pande mbili. Nani atasimamia huduma? Mimi, nikasema. Mimi, akasema. Ndugu kwisha! Akasema hoteli hufundisha maringo. Nikasema treni hufundisha papara. Akasema chumba hiki hakitikisiki lakini wewe unatikisika. Aliniaga kwa adabu nyingi mno, akainama, akamshukuru kila mtu mpaka paka. Hapo ndipo nilipojua kakasirika kweli kweli.

Jumatano, 20 Machi

Hatusemeshani. Ujumbe unapita kwa Mrefu: baba anasema glasi zisijazwe. Baba wa huku anasema zijazwe. Baba anasema mhudumu apite upande wenye nafasi. Baba wa huku anasema nafasi itafutwe. Kijana kakonda, na hakuwa na nyama za kupoteza.

Mama Watoto anasema laiti tungegombana kwa rangi au mali, wangeitwa wazee, wangetupatanisha. Ugomvi wa kushoto na kulia hauna mzee.

Ijumaa, 22 Machi

Binti ametuita wote wawili. Tulisimama mbele yake kama wanafunzi waliovunja kioo. Kaongea na sisi kama anavyoongea darasani, pole pole, kila neno peke yake.

Wahudumu watatafutwa. Baba hawa wawili wataketi. Wataketi meza ya mbele, bega kwa bega, kuanzia supu mpaka matunda. Atakayenyanyuka kushika hata kijiko, ndoa haipo. Ruhusa ya kusimama ni ya kwenda haja tu.

Mzee wa Reli akajaribu kuuliza kama mtu anaweza kuchungulia jikoni mara moja. Hapana.

Nikamwambia Binti kwamba nitamfaa zaidi nikiwa kwa miguu yangu. Hakuna atakayepanga ukumbi kama mimi, hilo analijua.

"Wahudumu wapo tele, baba," akanijibu. "Baba ninaye mmoja. Nataka aketi na mimi."

Nimekuja chumbani nikakaa kitandani. Naogopa. Hapa hapana wa kumficha: naogopa. Nikishika trei najua mimi ni nani, na kila mtu anajua. Nikiketi mezani kati ya watu, ni nani? Nahisi kuna mtu atakuja kuniuliza nani kaniruhusu.

Jumamosi, 30 Machi

Nafanya mazoezi ya kuketi. Mama Watoto ananihudumia, mimi nimeweka mikono mapajani kama napigwa picha. Jana niliinuka kufuata chumvi. Leo asubuhi niliinuka kufuata maji. Mchana sikumbuki niliinuka saa ngapi, nilijikuta tu nimeshaosha vyombo. Mzoea kunyonga, kuchinja hawezi.

Mzee wa Reli amenipigia simu, mara ya kwanza tangu tugombane. Anajifunza na yeye. Mkewe kamfunga kwenye kiti kwa kamba za aproni. Aliinuka na kiti chake mgongoni, akapeleka sahani jikoni, ndipo akagundua. Tulicheka mpaka salio lake likakatika. Nikampigia mimi, tukaendelea kucheka. Amani imerudi. Habari ya glasi hatukuigusa.

Halafu habari nyingine, ambayo sijui niiite nzuri au mbaya. Shemeji atagharimia. Ukumbi, wapishi, wahudumu, vyote yeye. Isije kusemwa, anasema, kwamba mpwa wake kachumbiwa kwenye kochi lenye kiraka. Nilitaka kukataa. Mama Watoto akasema ni kaka yake, ana moyo wa kutoa, na zawadi haitupwi. Ni kweli. Lakini tangu jana Shemeji ananiita bila salamu. "Sikia," ananiambia. "Hebu sikia."

Dada anasema nivumilie, ndivyo watu wenye kitu walivyo. Nikamwambia wapo wenye kitu nimewahudumia, wanasalimu mpaka mfagiaji. Na wapo wasio na kitu, wakipata mtu wa chini yao mara moja tu, Mungu amsaidie. Akasema basi sielewi nini kinamfanya mtu awe alivyo. Nikasema na mimi sielewi. Zamani nilidhani ni namna anavyoshika uma.

Jumamosi, 6 Aprili

Suti imetoka kwa fundi. Imenikaa vizuri mpaka nimejiamkia kwenye kioo.

Kesho ndiyo kesho. Binti kapita mlangoni, kaniona, karudi kuniweka sawa kola. "Utaketi?" kaniuliza. Nikasema nitaketi. Kanibusu shavuni. Naipenda familia hii ndogo kuliko ninavyojua kusema.

Jumapili, 7 Aprili

Naandika chooni. Choo cha ukumbini, nimeketi juu ya kifuniko. Daftari lilikuwa mfuko wa ndani wa suti. Nilidhani ningeandika furaha. Watu wote wako mezani.

Ilianza vizuri. Nilivuta kiti changu mwenyewe nikaketi, Binti upande huu, Mzee wa Reli upande ule, Shemeji mbele yetu. Hakuna aliyekuja kuuliza nani kaniruhusu. Supu ikaletwa kabla ya vijiko. Mzee wa Reli akanishika mkono chini ya meza, nikamshika na mimi, tukazuiana. Glasi zikajazwa nyingine nusu, nyingine pomoni, kwenye meza moja! Tukatazamana, tukauma midomo tusicheke. Binti akatuona, akatabasamu. Nikasema moyoni, kumbe inawezekana. Kumbe ndivyo watu wanavyofurahi.

Wahudumu ni wachache kwa watu wengi kiasi hiki. Meza yetu alipewa mama mmoja wa makamo, umri wa Dada, viatu vinambana, nilimwona anavyokanyaga. Anajitahidi. Kila sahani anasema karibu.

Shemeji alitaka mchuzi. Akapiga vidole. Yule mama mikono yote miwili ina mabakuli, hakugeuka. Shemeji akapiga tena, akaongeza "Wewe!" Akageuka haraka, na tone la mchuzi likaruka likatua kwenye shati la Shemeji. Tone. Nimeona madoa maisha yangu yote, lile lilikuwa tone.

Shemeji akasimama. Akasema, na ukumbi mzima ukasikia, kwamba ndiyo shida ya hawa wabeba sahani. Ukiwaleta karibu na watu wa maana wanasahau kwao ni jikoni. Hawana malezi, hawafundishiki, na ni kupoteza wakati kuwatarajia adabu.

Mama yule kainamisha kichwa. Mama Watoto kaweka mkono mdomoni. Mrefu alikuwa amefumba macho. Mzee wa Reli hakusogea, lakini mkono wake chini ya meza ulikuwa baridi. Na Binti akanitazama. Hakutaka nisimame, hapana. Mimi ndiye baba mwenye shughuli, neno ni langu. Alikuwa ananingoja niseme kitu.

Nikafungua mdomo. Kikatoka hiki: "Samahani, mkubwa."

Kwa Shemeji! Ndivyo ninavyosema kazini kila siku, yanatoka yenyewe kama kikohozi. Anayefoka, samahani mkubwa. Anayekosea yeye, samahani mkubwa. Mtu ukiwa na trei, maneno hayo ni ngao. Leo sina trei. Nimeketi, nimevaa suti, niko kando ya mwanangu — na nimemwomba radhi mtu aliyemtukana mwenzangu. Aliyenitukana mimi na mkwe wangu kwa pamoja, bila hata kukumbuka kwamba tupo.

Shemeji akaketi. Kumbe alikuwa anangoja hilo tu. Akavuta mkate.

Ndipo Binti akasimama. Akampokea yule mama mabakuli, akayaweka. Akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti chake yeye, kiti cha mchumba. Mama yule anakataa, Binti anamwambia, "Pumzika, mama." Akachukua bakuli akaanza kugawa mwenyewe, na gauni lake la buluu, kuanzia kwa wageni. Akafika kwangu. Akaniwekea chakula taratibu, hakumwaga hata punje. Hakuniita baba. Hakunitazama.

Nikaja huku.

Mzee wa Reli yuko nje ya mlango. Anasema hajavunja ahadi, amekuja haja, na haja inaruhusiwa. Anasema Shemeji anadai Binti aache mchezo na yule mama ainuke arudi kazini, la sivyo anaondoka na wapishi na wahudumu wote, na ufunguo wa ukumbi. Anasema Binti amejibu kwamba haketi mpaka yule mama aombwe radhi. Mama Watoto amekwenda kusimama karibu na Binti. Dada pia! Mzee anasema yeye mwenyewe angekwisha sema zamani, lakini yule ni shemeji yangu, si wake, na akisema yeye itakuwa Mzungu kamtukana mtu mweusi, na wataacha chakula wagombanie hilo.

Kweli yote. Naandika nitakachosema, nisije nikakosea tena.

Shemeji, kama hutajali, tafadhali — Hapana.

Shemeji, kwa heshima na taadhima — Hapana! Huyo ni mhudumu anaongea.

Shemeji, tunakushukuru sana kwa ukumbi, ila — Ila nini? Nitaishia hapo hapo kwenye shukrani, najijua.

Shemeji, mwombe mama huyu radhi.

Hiyo. Nimeitafutia tafadhali, sioni pa kuiweka. Mezani, mbele ya wageni, kwa mtu aliyelipia chakula. Mhudumu wangu akisema hivyo namfukuza kazi siku hiyo hiyo. Nimeipigia mstari.

Mzee wa Reli anagonga tena. Anauliza nikitoka nitasimama au nitaketi, ili ajue na yeye afanyeje.

Nimemwambia nitaketi. Kwenye kiti changu, nikitazamana na Shemeji. Nitayasema nikiwa nimeketi.